Briji ya mashindano: kabla hujakaa mezani, uliza leo mnahesabuje

Mtu akianza briji anafundishwa mambo mengi kweli, kupima nguvu ya mkono kwa pointi (esi nne, kingi tatu, kwini mbili, jeki moja), kunadi, kutoa karata ya kwanza, kukumbuka turufu ngapi zimeshatoka, halafu siku ya kwanza anapelekwa mashindanoni na hakuna aliyemwambia kwamba karata zilezile na mkataba uleule vinachezwa tofauti kabisa kutegemea alama zinahesabiwaje siku hiyo. Mimi naona hili lingekuwa somo la pili, mara tu mtu akishajua sheria. Wengi wanalipata baada ya miaka, wameshazoea tabia ambazo ni ngumu kuziacha. Kwa hiyo leo tulichambue taratibu, na kama wewe umekulia kwenye wahedi wasitini au mchezo wowote wa turufu basi hutapotea, nusu ya kazi umeshaifanya.

Tuelewane maneno kwanza, haraka haraka. Watu wanne, wawili kwa wawili, patna wako anakaa ng'ambo ya meza, Kaskazini na Kusini dhidi ya Mashariki na Magharibi. Kila mmoja ana karata 13. Kila mtu akishatoa karata yake moja, mkubwa anakula, hiyo ni triki moja, na kila mgao una triki 13. Kabla ya kucheza kuna mnada, upande unaoshinda mnada unaahidi idadi ya triki na unataja turufu (au unasema bila turufu), ahadi hiyo ndio mkataba. Triki sita za mwanzo hazitajwi, kwa hiyo ukinadi shupaza nne umeahidi triki kumi, ukinadi tatu bila turufu umeahidi tisa.

Sasa alama ghafi, yaani zile zinazotoka mezani kabla hazijalinganishwa na mtu yeyote. Pau na uru zinalipa 20 kwa kila triki, kopa na shupaza 30, bila turufu ile ya kwanza 40 na zinazofuata 30 kila moja. Ulichoahidi kikifika 100 umenadi gemu, na ukitimiza unaongezewa 300 kama mko weupe au 500 kama mko wekundu. Kisipofika 100 nyongeza ni 50 tu. Slami ndogo, triki 12, ina nyongeza yake nyingine ya 500 au 750, na slami kubwa, zote 13, ni 1000 au 1500. Ukishindwa mkataba wapinzani wanapata 50 kwa kila triki uliyopungukiwa ukiwa mweupe na 100 ukiwa mwekundu, na wakikupiga dabo, yaani wakitamka kwenye mnada kwamba hutatimiza ili adhabu ipande, ndio maumivu yanaanza: kwa kupungukiwa triki moja, mbili, tatu, nne mweupe analipa jumla 100, 300, 500, 800, mwekundu analipa 200, 500, 800, 1100. Wekundu na weupe ni rangi iliyochapwa kwenye bodi, kitrei kinachobeba karata za mgao, haitokani na chochote mlichofanya, inazunguka kwa mpangilio unaojirudia kila baada ya bodi 16, kwa hiyo kabla hujafungua mdomo kwenye mnada angalia rangi yako na angalia ya wenzako. Nalisema hili mapema kwa sababu nusu ya maamuzi yote ya briji yanaegemea hapo.

Hesabu hii mzizi wake ni tajiri mmoja wa Marekani, Harold Vanderbilt. Mwaka 1925 alikuwa safarini kwenye meli iitwayo Finland, kutoka Los Angeles kwenda Havana kwa kupitia mfereji wa Panama, akawakalisha wenzake wajaribu namna mpya ya kuhesabu aliyoitunga. Kwenye briji ya kabla ya hapo ulikuwa ukila triki za kutosha gemu unaandikiwa gemu hata kama kwenye mnada uliishia chini, yeye akasema hapana, utalipwa kile ulichothubutu kukiahidi, na akaweka nyongeza kubwa za slami pamoja na habari ya wekundu na weupe. Ndani ya miaka michache ule mchezo wa zamani ukawa umekwisha. Kwangu mimi hilo ni jambo la ajabu kweli: hakugusa karata hata moja, hakugusa namna ya kula triki, alibadilisha hesabu tu na mchezo mzima ukawa mwingine. Na hesabu iliendelea kurekebishwa baadaye, kwa mfano ile adhabu ya dabo ya mweupe kwenye triki ya nne ilikuwa 700, ikapandishwa kuwa 800 mwaka 1987, kwa sababu watu walikuwa wanajitoa mhanga (kunadi makusudi mkataba watakaoshindwa ili wapinzani wasicheze wao) kwa bei rahisi mno.

Lakini alama ghafi peke yake ni bahati kubwa. Ukigawiwa esi zote usiku kucha utashinda hata kama hujui kitu. Mashindano yanaliondoa hilo kwa kutumia bodi, kile kitrei chembamba chenye mifuko minne, mmoja kwa kila upande. Ukicheza kwenye mashindano hutupi karata katikati ya meza kama tulivyozoea barazani, unailaza mbele yako mwenyewe, triki ikiisha unaigeuza kichwa chini, na unaielekeza kwa urefu kwa upande uliokula, ikisimama ni yenu ikilala ni ya wale, mwisho wa mgao mnahesabu kwa kutazama tu. Halafu kila mtu anarudisha karata zake 13 kwenye mfuko wake na bodi inahamia meza nyingine, watu wengine wanacheza mgao uleule kabisa, mikono ileile, rangi ileile. Jaribio la namna hii lilifanyika London tangu 1857 kwenye mchezo wa wisti, babu wa briji, na wazo lenyewe halijabadilika hadi leo.

Hapa ndipo mgeni anahitaji kugeuza akili. Kama umekaa Kaskazini na Kusini, unaoshindana nao ni wale wote waliokaa Kaskazini na Kusini kwenye meza nyingine, walioshika karata zako zilezile. Hawa wa Mashariki na Magharibi unaocheza nao sasa hivi ni watu wa kukupa shida kwa bodi mbili tatu kisha wanahamia meza ya jirani. Kwa hiyo kupata -110 sio lazima iwe mbaya, na kupata +400 sio lazima iwe nzuri, yote inategemea wengine wenye mikono hiyo wamefanya nini. Wageni wengi wanatoka mezani na furaha wameandika alama nyingi, kisha matokeo yanabandikwa na hawaelewi kimetokea nini.

Sasa njia ya kwanza na ya kawaida zaidi kwenye klabu, machipointi. Sheria yake ni fupi mno: kwenye kila bodi unapata 2 kwa kila pea uliyoizidi na 1 kwa kila pea mliyolingana (Marekani wanaandika 1 badala ya 2, na nusu badala ya 1, ni kitu kilekile). Umezidi kwa alama 10 au umezidi kwa alama 2000, ni 2 tu. Hebu tuone bodi moja iliyochezwa meza saba, Kaskazini na Kusini wana shupaza nzuri pande zote mbili, wako weupe:

Meza ya 1: shupaza 4, triki 10, +420
Meza ya 2: shupaza 4, triki 11, +450
Meza ya 3: shupaza 3, triki 10, +170
Meza ya 4: 3 bila turufu, triki 11, +460
Meza ya 5: shupaza 4, triki 10, +420
Meza ya 6: shupaza 4, triki 9, -50
Meza ya 7: shupaza 4, triki 10, +420

Zipange. Wa 460 amewazidi wote sita, anapata 12, hiyo ndio topu, asilimia 100. Wa 450 amewazidi watano, 10. Wale watatu wa 420 kila mmoja amewazidi wawili na amelingana na wawili, 4 na 2 ni 6, asilimia 50 kamili. Wa 170 amemzidi mmoja, 2. Wa -50 sifuri. Na Mashariki na Magharibi wanapata kinyume chake, aliyewaachia 460 anapata sifuri, aliyemwangusha mwenzake anapata 12. Mwisho wa siku unajumlisha bodi zote na kutoa asilimia, 50 ni wastani, ukivuka 60 kwenye klabu ya kawaida mara nyingi uko juu kabisa au karibu na juu.

Ukae na hiyo bodi kidogo kabla hujaendelea kusoma. Kati ya 420 na 460 kuna alama 40 tu, lakini ni tofauti ya asilimia 50 na 100. Kati ya 450 na 460 kuna alama 10, na bado ni machipointi mbili nzima. Wakati yule wa 170, aliyekosa kunadi gemu, amepoteza machipointi 4 dhidi ya wastani, pungufu ya zile 6 alizoongeza yule wa bila turufu juu ya wastani huohuo. Kwa hesabu ya machipointi triki moja ya ziada ni dhahabu. Ndio maana watu wa machipointi wanapenda bila turufu kuliko kawaida, na wanakimbia gemu za pau na uru, sababu pau tano inahitaji triki 11 na inalipa 400, na triki hizohizo 11 kwenye bila turufu zinalipa 460. Ndio maana pia wanapigana kwa nguvu kwenye mikataba midogo midogo, kopa mbili, shupaza mbili, ambako mtu mwingine angelala. Bodi ndogo ina uzito sawasawa na bodi ya slami.

Kuna namba moja ya kuiogopa kwenye machipointi nayo ni -200. Bodi ambayo hakuna upande wenye gemu, alama za watu zinakuwa 90, 110, 120, 140, huko huko. Ukipoteza 200 kwa kupungukiwa triki mbili ukiwa mwekundu, au moja ukiwa mwekundu na umepigwa dabo, umeshapita kila kitu ambacho wapinzani wangepata kwa kucheza wenyewe, na hapo unakuwa umejiandikia sifuri au karibu na sifuri. Ukiwa mweupe kupungukiwa mbili ni -100 tu, mara nyingi ni alama nzuri. Karata zilezile, rangi tofauti.

Njia ya pili ni impu, hii ndio ya timu. Timu ni watu wanne, pea mbili, nyie mmekaa Kaskazini na Kusini kwenye meza hii na wenzenu wamekaa Mashariki na Magharibi kwenye meza ya pili wakicheza na pea nyingine ya wapinzani haohao. Bodi ikichezwa meza zote mbili mnachukua tofauti ya alama na kuipeleka kwenye jedwali. Tofauti ya 0 hadi 10 ni impu 0, 20 hadi 40 ni 1, 50 hadi 80 ni 2, 90 hadi 120 ni 3, 130 hadi 160 ni 4, 170 hadi 210 ni 5, 220 hadi 260 ni 6, kisha linaendelea kupanda ila hatua zinazidi kuwa ndefu, 430 hadi 490 ni 10, 600 hadi 740 ni 12, na mwisho kabisa 4000 na zaidi ni 24. Jedwali limejibana kwa juu makusudi ili bodi moja ya kichaa isimalize mechi nzima.

Rudisha sasa ile bodi yetu. Wewe umepata 460 na meza ya pili wamepata 420, tofauti 40, impu moja. Ile topu ya asilimia 100 imekuwa impu moja! Na 460 dhidi ya 450 ni bure, sifuri. Lakini 420 dhidi ya 170 ni tofauti ya 250, impu 6. Na 420 dhidi ya -50 ni 470, impu 10. Umeona uzito umehamia wapi, kwenye impu kinachouma ni kukosa gemu au kuangusha gemu, triki ya ziada ni chenji ya mfukoni.

Nionyeshe hili kwa mkono mmoja, maana mimi mwenyewe sijawahi kuona mfano mzuri zaidi wa kumfafanulia mtu. Unacheza tatu bila turufu, mko weupe. Mkono wa patna, uliolazwa wazi mezani na unaouchezea wewe, una uru esi, kingi, kwini na mbili ndogo, na hauna njia nyingine yoyote ya kurudi huko isipokuwa uru zenyewe. Wewe mkononi una uru ndogo tatu. Suti nyingine zote, yaani pau, kopa na shupaza, umezibana, hawana la kukufanya, na umeshahesabu triki tano za uhakika nje ya uru, kwa hiyo unahitaji nne za uru kufika tisa. Wapinzani wana uru tano kati yao. Mara 68 katika 100 zimegawanyika tatu kwa mbili, mara 28 nne kwa moja, na mara 4 zote tano ziko upande mmoja.

Ukipiga esi, kingi, kwini moja kwa moja na zikiwa tatu kwa mbili, zote zinaanguka, unakula tano, jumla triki 10, +430. Zikiwa nne kwa moja umekula tatu, mpinzani bado ana moja kubwa, ukimpa hiyo huna tena njia ya kurudi kule mezani kula ya tano, unaishia na nane, -50. Njia ya pili ni kuwaachia triki ya kwanza, toa ndogo pande zote mbili, wale, halafu ukirudi unapiga esi, kingi, kwini. Hapo iwe tatu kwa mbili iwe nne kwa moja unapata nne, triki 9, +400, yaani mara 96 katika 100 mkataba umetimia.

Ukiwa kwenye impu hakuna hata cha kufikiria. Kuwaachia ya kwanza kunakugharimu alama 30, impu moja, mara 68. Kukataa kuwaachia kunakugharimu 450, impu 10, mara 28. Na kama mko wekundu tofauti ni 600 dhidi ya -100, 700, impu 12. Unawaachia ya kwanza huku unatabasamu. Lakini ukiwa kwenye machipointi na ukumbi mzima uko kwenye mkataba huohuo, mara 68 katika 100 yule aliyepiga kutoka juu anamzidi aliyeachia, na mara 28 ndio anazidiwa, kwa hiyo ukiachia umejiweka upande wa wachache. Mkono uleule, mezani ileile, jibu sahihi ni mawili. Mtu aliyefundishwa briji kama vile jibu ni moja tu atahangaika kuelewa kwa nini anafanya vizuri kwenye timu na vibaya kwenye pea, au kinyume chake, na atadhani ni bahati.

Kwenye kunadi ni hivyohivyo. Umeshika mkono wa shupaza, hujui kama uishie tatu au uende nne, mko wekundu, impu. Ukienda na ikatimia, 620 dhidi ya 170 ni 450, impu 10. Ukienda na ikaanguka moja, -100 dhidi ya +140 ni 240, impu 6. Unahatarisha 6 kupata 10, kwa hiyo gemu yenye nafasi ya asilimia 38 tu inatosha kunadiwa. Mkiwa weupe ni 6 dhidi ya 5, unahitaji kama asilimia 45. Kwenye machipointi hakuna cha 10 wala 6, ni kuzidi au kuzidiwa, kwa hiyo unataka nusu kwa nusu au zaidi. Ndio maana ukiwaangalia watu wa timu wakiwa wekundu utaona wananadi gemu ambazo ukizitazama unashika kichwa. Hesabu imewatuma.

Kujitoa mhanga nako kunabadilika. Wapinzani wekundu wamenadi shupaza nne itakayotimia, 620 kwao. Nyie weupe mnanadi uru tano mkijua mtaanguka, wanawapiga dabo, mnapungukiwa tatu, -500. Kwenye machipointi mmewazidi wote walioacha 620 ipite, ni karamu. Kwenye impu mmeokoa 120, impu 3, na kama shupaza nne ingeanguka mezani, mmetupa mengi kuliko mlichotaka kuokoa. Mkipungukiwa nne ni -800, hapo hata machipointi hamna kitu. Ushauri wangu kwa anayeanza, kwenye timu acha kujitoa mhanga mpaka uwe na uhakika wa pande zote mbili, kwamba wao wanatimiza na wewe huvuki 500.

Timu zikicheza mechi nyingi fupi fupi, impu za kila mechi zinabadilishwa tena kuwa pointi za ushindi, VP, kwa kawaida mechi moja inagawana 20, sare ni 10 kwa 10. Tangu 2013 Shirikisho la Briji Duniani linatumia kipimo chenye desimali mbili, na kinategemea idadi ya bodi za mechi, impu 10 kwenye mechi ya bodi 8 zina thamani kubwa kuliko kwenye mechi ya bodi 16. Kama lile jedwali la impu, hiki nacho kimejibana kwa juu: impu za kwanza za ushindi zinalipa zaidi kuliko za mwisho, na mkishafika 20 hakuna zaidi. Maana yake ni kwamba mkiwa mnaongoza kwa mbali hakuna haja ya kuwaponda wenzenu, na mkiwa mnapoteza kwa mbali bado kila impu mnayoivuta ina faida. Kwenye Bermuda Bowl, mashindano ya dunia ya timu yaliyoanza 1950 na ambayo yameshachezwa Afrika pia, Hammamet mwaka 1997 na Marrakech mwaka 2023, siku hizi timu 24 zinakutana zote kwa zote kwa VP, nane bora zinaingia mtoano, na kwenye mtoano VP zinawekwa kando, ni impu tupu hadi mwisho.

Kuna njia nyingine utakutana nazo. Moja ni ile ya timu ambayo kila bodi ni ushindi, sare au kushindwa basi, ukizidi kwa alama 10 bodi ni yako nzima. Wamarekani wanaitumia kwenye Reisinger, mojawapo ya mashindano yao magumu, na wachezaji wengi wazito wanaihesabu ndio ngumu kuliko zote sababu hakuna bodi ya kupumzika, ni machipointi mkiwa na mpinzani mmoja tu wa kulinganishwa naye. Nyingine ni impu kwa pea, mnacheza pea kama kawaida lakini alama zenu zinalinganishwa kwa jedwali la impu, ama na wastani wa ukumbi baada ya kutoa matokeo ya pembeni kabisa, hiyo inaitwa Butler, ama na kila meza moja moja kisha unachukua wastani. Ukicheza onlaini kwenye Bridge Base Online utaziona hizi sana, na meza nyingi za kawaida kule ziko kwenye impu, kwa hiyo mtu aliyejifunzia kule akienda klabu ya machipointi anajikuta anaachia triki za ziada kila bodi bila kujua. Angalia mipangilio ya meza kabla hujakaa.

Jambo dogo la vitendo. Siku hizi klabu nyingi zina kimashine mezani cha kuingizia matokeo, Kaskazini anaandika mkataba, aliyecheza na triki, Mashariki au Magharibi anathibitisha. Usithibitishe bila kusoma. Kosa la kawaida ni mtu kuandika kwamba Mashariki ndiye aliyecheza wakati alikuwa Kusini, alama zinageuka, na hapo mnaharibu hesabu za ukumbi mzima kwa sababu kila pea inalinganishwa na yenu. Na bodi ikiharibika isiweze kuchezwa, karata zimechanganyika au mtu ameona mkono wa wenzake, mwamuzi anatoa alama za kubuni kwa kanuni, asilimia 60 kwa asiye na kosa, 40 kwa mwenye kosa, 50 kwa aliyechangia kidogo. Mwite mwamuzi bila aibu, ndio kazi yake.

Nikuachie bodi moja ya kujipima. Wote mko weupe, machipointi. Wapinzani wamenadi kopa mbili, patna amepita, aliyefuata amepita, zamu yako ni ya mwisho. Una shupaza tano na mkono wa kawaida, na ukipita kopa mbili itatimia, -110. Unasema shupaza mbili au unapita?

Unasema. Ukitimiza ni +110, ukipungukiwa moja ni -50, ukipungukiwa mbili ni -100, zote ni bora kuliko -110, na mara nyingi wapinzani wenyewe watapanda hadi kopa tatu na kuanguka. Kwenye impu ukipungukiwa moja umeokoa 60, impu 2, ukipungukiwa mbili umeokoa 10 ambayo ni sifuri, na wakikupiga dabo kwenye mbili ni -300, hapo umetupa impu 5, kwa hiyo unahitaji shupaza zenye nyama zaidi. Na ukiwa mwekundu kwenye machipointi, hesabu mwenyewe: moja -100, bado hai, mbili -200.